Viti vya Sponji

Ardith Stegall aliopoa mapaja ya mwisho ya kuku kutoka kwenye mafuta, akayamwaga kwenye sinia la bati, akalisukuma sinia juu ya kitoroli kilichokuwa kikisubiri mlangoni. Ubavuni mwa kitoroli paliandikwa KLABU YA URITHI kwa herufi za dhahabu. Jiko la uwanja wa Chuo cha Brannock lilikuwa na joto la tanuri. Tangu alfajiri alikuwa amesimama pale, na nywele zake zilinuka mafuta hata chini ya wavu.

"Leo usinitafute tena," alimwambia Wynelle, msimamizi wake. "Baba ananisubiri kwenye gari."

"Bado mnakwenda kukaa kule juu Darini? Na magoti yale ya mzee?"

"Sasa tukae wapi? Kwenye mapaja ya mkuu wa chuo?"

Wynelle alicheka mpaka mabega yakatikisika. Alifunga vipande vitatu vya kuku kwenye karatasi ya alumini, akamtilia mfukoni. "Kaleni. Hao wa klabu hawamalizi. Jumamosi iliyopita nilimwaga masinia manne pipani, moto kabisa, hayajaguswa."

Verlon Stegall alikuwa garini, kofia ya bluu ya Korongo, timu ya chuo, kichwani, mto wa kukalia kwapani. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na maisha yake ya kazi aliyamaliza kwenye kiwanda cha fanicha kilichofungwa zamani. Tangu Ardith akiwa msichana wa kubebwa begani, baba na binti walikuwa na nafasi mbili kwenye benchi la jukwaa la mashariki, mbele ya mstari wa yadi thelathini na tano. Futiboli ya Kimarekani ndiyo iliyowaweka pamoja mama yake Ardith alipowakimbia. Kwenye benchi lile Verlon alimfundisha mwanawe kupiga mluzi, kutukana mwamuzi bila kutaja mama wa mtu, na kunyamaza timu inapofungwa.

Kisha ofisi ya michezo iling'oa mabenchi. Iliweka viti vya sponji, ikajenga nyuma yake ukumbi wa vioo wenye kiyoyozi, ikapaita Klabu ya Urithi. Aliyetaka kubaki mahali pake alitakiwa kwanza kutoa "mchango" wa dola elfu tatu kwa kila kiti, ndipo apewe ruhusa ya kununua tiketi. Ruhusa tu. Tiketi yenyewe bado. Verlon alipopiga simu kuuliza, dada wa ofisini alimwambia kwa sauti tamu kwamba chuo kinauthamini sana uaminifu wake, akampa nafasi mbili juu kabisa, mahali ambapo mji mzima ulipaita Darini.

Walipofika kwenye uwanja wa magari, kulikuwa kumejaa. Moshi wa nguruwe wa kuchoma ulitanda, watoto walirushiana mipira, na nyuma ya kila gari la mizigo palikuwa na televisheni kubwa chini ya turubai. Leland Crouse, jirani yao wa mtaani ambaye zamani alikaa safu ya nyuma yao, aliwapungia koleo la nyama.

"Mzee Verlon! Njoo ukae. Hapa kuna kivuli, kuna mbavu, kuna televisheni. Mke wangu kachemsha karanga. Huko ndani chupa ya maji dola saba. Unakwenda kutafuta nini?"

"Nakwenda kuangalia mpira," Verlon alijibu.

"Si huu hapa mpira!" Leland aligonga kioo cha televisheni.

"Hiyo ni picha ya mpira, Leland. Ukiona picha ya mbavu, unashiba?"

Watu walicheka. Leland naye alicheka, lakini baadaye alimvuta Ardith pembeni. "Mimi nimeapa, siwapi tena hata senti. Walivyonitoa kwenye safu yangu! Nakaa hapa hapa langoni ili wanione siingii. Lakini mpeleke mzee. Mimi nina hasira, yeye ana mapenzi."

Ardith hakumwambia kwamba yeye alikuwa na vyote viwili.

Langoni, kijana mwenye fulana ya manjano aliushika mto wa Verlon, akaupindua, akaubonyeza.

"Huu hauingii, mzee. Una zipu."

"Nimeingia nao miaka yote."

"Kanuni mpya. Lakini ndani kuna ya kuuza, ina nembo ya chuo."

Aliutupa mto kwenye pipa lililokwisha kujaa mito ya wazee wengine. Ardith alihisi damu ikimpanda shingoni. Baba yake alimgusa kiwiko. "Twende, mwanangu. Mpira unaanza."

Lifti ilikuwa pale pale baada ya lango, milango yake iking'aa, na mbele yake alikaa mwanamke mwenye kitambulisho shingoni. Alitazama tiketi zao, akatikisa kichwa kabla hawajafungua mdomo.

"Hii ni ya wanachama wa klabu."

"Baba yangu magoti yamekwisha," Ardith alisema. "Tunakwenda juu kabisa. Nikusihi vipi, dada yangu?"

"Mngeomba nafasi za walemavu tangu mwezi wa sita."

"Mimi si mlemavu," Verlon alisema kwa ukali. "Mimi ni mzee."

Milango ikafunguka. Mtu mmoja akatoka na bilauri mkononi, na lifti ikapanda tena bila mtu ndani. Waliisikiliza mpaka ikanyamaza huko juu.

Walipanda kwa miguu. Verlon alishika chuma cha ukingo kwa mikono miwili na kujivuta kama anayepanda kutoka kisimani. Kwenye kila kibao cha ngazi alisimama, akajifanya anatazama mandhari. Ardith alitembea nyuma yake, viganja tayari, na njia nzima alisikia pumzi ya baba yake ikikwaruza kifuani kama msumeno butu. Kelele za shambulio la kwanza zilisikika wakiwa bado katikati ya ngazi. Za shambulio la pili pia. Walipoketi kwenye chuma cha moto kule juu, robo ya kwanza ilikuwa imekwisha, na midomo ya Verlon ilikuwa na rangi ya majivu.

"Baba, turudi nyumbani."

"Nipe kuku," Verlon alisema.

Walikula. Chini, wachezaji walikuwa kama siafu waliovaa kofia. Darini kulikuwa na watu, ingawa si wengi kama zamani. Upande wa mashariki, pale palipokuwa kwao, viti vya sponji vilikuwa vitupu, safu baada ya safu ya bluu isiyo na mtu, mfano wa duka la nguo lililofungwa.

"Wako wapi?" Verlon aliuliza. "Walilipa pesa zote zile, wako wapi?"

Ardith aliutazama ukumbi wa vioo; ndiko kuku wake walikopelekwa.

Baada ya mapumziko, mtu mwenye suti nyepesi na kipaza sauti cha mkononi alitokea kwenye ngazi za Darini, akitoa jasho. Alijitambulisha kuwa ni Prentiss Hale, naibu mkurugenzi wa uhusiano na mashabiki. Alikuwa na tabasamu la mtu anayegawa peremende.

"Marafiki! Familia ya Korongo! Televisheni inatuonyesha nchi nzima leo, na tungependa nchi ione mapenzi yenu. Viti vya mashariki viko wazi. Karibuni mshuke, bure kabisa!"

Watu walishangilia, wakaanza kukusanya vitu vyao. Verlon hakusogea. Aliinua mkono kama mwanafunzi darasani.

"Kijana, lifti ipo?"

"Ipo, mzee! Lifti ni ya kwenu nyote!"

"Tulipoingia haikuwa ya kwetu," Ardith alisema. "Baba yangu kapanda hapa nusura afe, mwanamke wenu akitutazama. Sasa mnatushusha tukawe mapambo?"

Hale aliendelea kutabasamu, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kuruka kwa mtu mwingine. "Nasikitika kwa hilo, mama. Ofisi itapokea maoni yako."

Ardith alitaka kukaa kwa ukaidi tu. Aliyemvuta ni baba yake. "Mimi nataka kuona kutoka pangu," Verlon alisema. "Basi. Sababu zao ni zao."

Walishuka kwa lifti, na mwanamke yule yule mwenye kitambulisho akawabonyezea kitufe. Verlon alipita safu za bluu akisoma uwanja, wala hakuhitaji namba. Mlingoti, mstari, kona ya mnara wa kengele ya chuo: vilipokaa sawasawa machoni mwake, akasimama na kuketi. Kiti kilimmeza kidogo. Alipapasa sponji kwa kiganja, akakunja uso.

"Laini mno," alisema. Lakini aliegemea, akaweka vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi uliowageuza watu wa safu tatu.

Ardith aligeuka nyuma. Ndani ya vioo kulikuwa na watu wengi wenye mashati ya bluu yaliyopigwa pasi. Walisimama na sahani za kuku wake, migongo yao uwanjani, wakitazama mchezo wa chuo kingine kabisa kwenye televisheni ya ukutani. Mtu mmoja mnene mwenye saa ya dhahabu ndiye pekee aliyegeuka. Alitazama chini, akamwona Verlon, akanyoosha kidole. Kisha akamwita Hale.

Robo ya nne ilikuwa inaanza, Korongo wakiwa nyuma kwa pointi nne, Hale alipokuja. Tabasamu alikuwa ameliacha huko alikotoka.

"Ahsanteni sana. Safu hii naomba irudi juu."

Watu wa pembeni walianza kuinuka, wakinung'unika. Ardith alibaki. "Kwa nini?"

"Viti hivi ni vya Bwana Whitsett."

"Anakuja kukaa?"

"Hapana. Ila ni vyake."

"Hakai?"

"Mama, amevilipia. Hapendi watu wavikalie."

Ardith alisimama, na sauti iliyotoka kifuani mwake ilimshtua hata yeye. "Yuko nyuma ya kioo anakula kuku niliyemkaanga mimi, kaupa mpira mgongo, na kiti kitupu kinamuuma kikikaliwa na mzee? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni! Huyu mtu kakaa hapa kwenye theluji. Kakaa hapa misimu mnafungwa kila wiki, hakuna mtu anayewataka, hata kamera hazikuwataka! Mlikuwa mnamwita nani familia wakati ule? Whitsett?"

Waliokuwa wameinuka wakasimama wakisikiliza. Mwanamke mmoja aliyeshika mtoto akarudi kuketi. Kijana aliyekuwa karibu naye akaketi. Kisha safu nzima.

Hale alimwita mlinzi. Aliyekuja alikuwa Odell Mayhew, aliyesoma na Ardith shule ya sekondari na kustaafu upolisi wa wilaya. Alitembea polepole, akavua kofia mbele ya Verlon. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Odell. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Watoe," Hale alisema.

Odell aliitazama safu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kamera iliyoning'inia kwenye waya ilikuwa imegeukia upande wao, taa yake nyekundu ikiwaka. "Bwana, mimi nalipwa kuzuia vurugu," alisema. "Vurugu siioni. Naona watu wanaangalia mpira. Lakini ukitaka niwabebe mmoja mmoja mbele ya nchi nzima, niandikie na utie sahihi."

Hale aliitazama kamera. Alisogea karibu na Ardith, akainama kama anayempa siri, na hapo ndipo alipokiona kitambulisho cha jikoni kilichoning'inia kiunoni mwake.

"Kumbe wewe ni wa kwetu."

Ardith alikifunika kitambulisho kwa kiganja. Kodi ya nyumba, dawa za baba, gari lisilowaka asubuhi, vyote vilipita kichwani kwa mpigo.

"Jumatatu usihangaike kuja jikoni. Nitazungumza na mkandarasi wa jiko," Hale alisema kwa upole ule ule wa kwenye kipaza sauti. Alielekeza simu yake kwenye tiketi zao, ikalia. "Na akaunti hii imefungwa. Jina la Stegall halitauziwa tena tiketi Brannock. Msimu ujao wala msimu mwingine."

Ardith alimtazama baba yake, akitafuta neno la kuomba radhi. Angemwambia nini? Kwamba mdomo wake umewapokonya hata Darini? Verlon alikuwa ametulia, mikono juu ya magoti yaliyovimba.

Hapo vipaza sauti vya uwanja vikakoroma. Sauti nene ya mtangazaji ikawashukuru mashabiki waliohudhuria leo, jumla yao elfu hamsini na moja na mia mbili, uwanja umejaa pomoni. Sauti iligonga zege la mashariki, ikarudi, ikagonga zege la magharibi, ikarudi tena bila kukutana na mwili wa mtu njiani. Mtu mmoja kwenye safu yao akaanza kucheka, kisha wengine.

Verlon alingoja mwangwi umalizike.

"Sawa, kijana," alimwambia Hale. "Tiketi zetu kawauzie hao elfu hamsini na moja."

Kisha akamwashiria kwa mkono asogee pembeni, maana alikuwa amesimama mbele ya mpira.