Bingwa wa Nusu Kioo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakiri mapema ili usihangaike kumtafuta.

Sebuleni kwetu, kwenye kona yenye dirisha na mwanga, lilisimama kabati la gemu la zamani, lile la kutumbukiza sarafu. Kindege chako kiko upande wa chini wa kioo, anga linateremka, maadui wanakumiminia risasi kama mvua. Nililinunua ujanani, ukumbi wa michezo wa mtaani ulipofungwa. Sasa lilikuwa limekufa miaka sita, na mimi fundi redio niliahidi kulifufua kila wiki ijayo.

Mke wangu, fundi cherehani, alikuwa akishonea jikoni.

"Mteja karudisha gauni," aliniambia. "Anasema linanuka vitunguu. Naitaka ile kona, baba watoto."

"Kona ile ni kiti changu cha enzi. Mtaa mzima hapakuwa na wa kunigusa."

Jumamosi akaja mdogo wake, shemeji yangu mwenye ulimi wa wembe, na kompyuta kwapani. Gemu lilelile, alisema, limetengenezwa upya. Akaiunganisha na televisheni. Mimi nikavimba, nikatamka lililoniponza: "Nikishindwa kumaliza raundi ya kwanza, kabati litoke leo hii!"

"Dada umesikia? Shahidi ni mimi," shemeji akadakia.

Nikashika pedi ya kuchezea, ile yenye vitufe, nikakikimbiza kindege hadi pembeni kulia, ngome yangu ya siku zote. Kumbe waliolitengeneza upya wanatujua sisi wajanja wa pembeni. Ndege tatu zikachomoza kwa nyuma, palepale kulia.

"Kushoto, shemeji! Nenda kushoto!"

"Kushoto hakuendi!"

"Kunaenda! Bonyeza!"

Puu! Nikalipuka. Nikaomba mara ya pili, nikapewa kwa huruma. Puu! Ya tatu nikafia palepale, kama niliyepigiliwa misumari.

"Hebu niambie," shemeji akasema, akijifuta machozi ya kicheko, "nani alikwambia kushoto hakuendi?"

"Fimbo ya kuongozea kwenye kabati haikuwa ikienda huko. Nilijua gemu ndivyo lilivyo."

Mke wangu akainuka, akaenda kwenye kabati, akaisukuma ile fimbo. Kulia, sawa. Kushoto, imekwama kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Fimbo mbovu," akasema taratibu, "ndani ya nyumba ya fundi, miaka yote hiyo."

"Kwa hiyo, shemeji, ulikuwa bingwa wa nusu kioo!" mdogo wake akashangilia.

Nikasema kwa hasira kwamba hata hivyo gemu hili jipya limechakachuliwa, hakuna binadamu wa kulimaliza. Afadhali ningenyamaza. Mke wangu akaketi, akaomba pedi. Hakuwahi kushika kitu kile maishani. Alikufa mara moja, akauliza kitufe cha risasi ni kipi, akaanza upya.

Basi akateleza! Kushoto, kulia, katikati ya risasi, bila papara, mdomo umebana kana kwamba ameshikilia pini. Dege kubwa la mwisho likatokea, likatema moto kioo kizima. Akapenya, akalidonoa hadi likapasuka. Raundi imekwisha.

"Umewezaje?" nikauliza.

"Wewe unakikodolea macho kindege. Mshonaji akikodolea sindano anajidunga. Macho yanakuwa mbele, kwenye kitambaa kinachokuja. Mkono unafuata wenyewe."

Shemeji alikuwa ameshaanza kusogeza viti na kukunja zulia. Mimi nikakumbatia kabati kama mtu anayeagana na abiria. Nikageuza wimbo: nitalitengeneza kesho, fimbo na umeme, vyote, tena kuna nafasi ukutani upande wa pili, ukihamisha kochi.

"Upande wa pili hakuna mwanga, na kochi lina mguu mmoja ulioahidi kuutengeneza," mke wangu akajibu.

Nikabaki na silaha moja tu, ya huruma. "Mama watoto, si mbao tu hizi. Humu ndani mna ushindi wangu wote wa ujanani. Nikilitoa, nitauweka wapi?"

Akakunja mikono ya blauzi, akainama, akashika kabati kwa chini.

"Uweke kichwani, baba watoto, humo nafasi ipo tele. Haya, shika huko tunyanyue."