Mkanda Uliobaki Kwenye Viporo

Mzee wa Saa alikuja Alhamisi ile kama alivyokuja Alhamisi kumi zilizotangulia, akasimama mlangoni mwa studio bila kuingia, mkono mmoja kwenye fremu kana kwamba mlango ndio unaomshikilia. Kibanda chake cha kutengeneza saa kinatazamana na sisi. Siku nzima naona kipara chake kimeinama mezani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Kimya. Mkanda wangu?"

"Bado kidogo, baba."

"Hii bado kidogo ni ile ya wiki iliyopita, au mmeleta mpya?"

Nikatazama sakafu. Nilikuwa nimeipiga deki saa moja asubuhi, na miguu ilikuwa imeshaanza kuwaka moto. Studio tuko watatu: Bosi wetu, mpigapicha tunayemwita Lenzi, na mimi. Mhariri, aliyekuwa akikata na kuunga mikanda ya harusi, alipata kazi kwingine miezi mitatu iliyopita, na kiti chake nikapewa mimi, kwa sababu nilizoea kusimama nyuma yake na fagio nikitazama anachofanya. Niliishia darasa la tano. Bosi alisema mashine haiulizi cheti, ila nikiharibu kitu nirudi kwetu. Fagio sikunyang'anywa.

"Sikia, mwanangu," Mzee akasema. "Mimi harusi nzima siitaki. Watu wanacheza, wanacheza, magoti yananiuma mimi ninayetazama. Nataka pale tu marehemu anapomuuliza huyu kijana wenu kama amekula. Dakika moja. Binti yangu anasafiri kesho alfajiri, anataka kuondoka nayo. Sauti ya mama yake hana popote pengine."

Alisema taratibu, bila kugomba. Angegomba ingekuwa nafuu.

"Njoo saa kumi, baba," nikasema. "Utaikuta."

Alinitazama kama saa iliyoanza kutembea yenyewe, akavuka barabara.

Nikaketi kwenye mashine. Kwenye kioo kuna vipicha vidogo vyenye mshale pembeni, kila kimoja na jina la harusi. Bosi alimwambia Mhariri amwekee hivyo ili asihangaike kutafuta. Nikabonyeza cha Mzee, mkanda ukafunguka. Nikausogeza mpaka nikampata mama mwenyewe, mnene, ameshika trei ya vikombe. Anaitazama kamera na kusema, "Wewe mwanangu, tangu asubuhi umebeba hilo lidude. Umekula?" Nyuma ya kamera Lenzi anajibu, "Bado, mama." Naye anacheka, "Basi zima hilo, sisi hatuondoki."

Nikaandika kwenye daftari dakika inapoanzia na inapoishia. Kila kitu naandika kwenye daftari, maana kuuliza mara moja kunanitoa jasho, mara mbili siwezi. Nilikuwa naanza kukata ndipo Lenzi akaingia amening'iniza mabegi mawili ya kamera, macho mekundu.

"Kimya, nimwagie hizi kadi haraka. Saa nane natakiwa kwenye mahafali na sina hata kadi moja iliyo tupu."

Nikachomeka kadi. Mashine ikasema nafasi haitoshi. Nikajaribu tena, ikasema vilevile. Lenzi akajilaza kwenye benchi la wateja, akajifunika uso kwa kofia. "Mpigie Bosi," akasema ndani ya kofia.

Nikampigia. Bosi alikuwa kwa wateja, akaongea kwa kunong'ona. "Si vitu vya mwaka juzi vimejaa humo mara mbili mbili? Vimo kwenye Tarehe, vimo kwenye Majina. Futa vya Tarehe, bakiza vya Majina. Usinipigie tena, niko kwenye kikao."

Ni kweli vilikuwa viwili viwili. Bosi huikumbuka kazi kwa siku iliyofanyika, Mhariri aliikumbuka kwa jina la familia. Kwa hiyo kulikuwa na folda kubwa inayoitwa Tarehe na nyingine inayoitwa Majina, na kila harusi ilionekana kotekote. Diski ya nje ya akiba ilidondoka kwenye ngazi mwaka jana na tangu hapo inakoroma tu ukiichomeka.

Nikaandika kwenye daftari: Nafasi iliyopo, giga 4. Nafuta mikanda kumi na minne, giga 96. Nikafuta ya Tarehe, nikamwaga na pipa la taka. Nikatazama nafasi.

Giga 4.

Nikadhani mashine bado inafikiri. Nikaizima, nikaiwasha. Giga 4. Benchi likalia. "Tayari?" Lenzi akauliza.

"Bado kidogo."

Nikakaa nikiwaza. Kama nimefuta giga tisini na sita na hakuna kilichorudi, basi vile vya Tarehe havikuwa na uzito, vilikuwa vivuli tu. Uzito wenyewe uko kwenye Majina. Lakini Bosi amesema nibakize vya Majina. Nikanyanyua simu nimpigie, nikakumbuka ule mnong'ono, nikaiweka. Ndipo nikapata wazo, na hadi leo nikilikumbuka masikio yananiwaka moto. Nikabonyeza kile kipicha chenye mshale, cha Mzee. Mkanda ukacheza. Mama na trei yake. "Umekula?" Nikajiambia, kumbe nakala ya tatu ipo hapa usoni pa kioo, nzima kabisa. Nikavijaribu na vingine vinne, vyote vikacheza.

Nikaingia Majina, nikafuta mikanda ileile kumi na minne, nikamwaga pipa.

Safari hii nafasi ilirudi. Giga 79. Nikaziandika, nikamimina kadi za Lenzi, akaondoka akipiga miayo. Nikarudi kwenye kazi ya Mzee, nikabonyeza mshale.

Mashine ikasema: Faili halipo.

Nikabonyeza kingine. Halipo. Kingine. Halipo. Vyote kumi na vinne vilikuwa pale pale usoni, na majina yao, vimejipanga vizuri kama viatu mlangoni kwa watu waliokwisha kuondoka kwa mlango wa nyuma.

Sikulia. Niliinuka, nikafunga mlango wa studio. Ng'ambo ya barabara kipara cha Mzee kilikuwa kimeinama. Ilikuwa saa saba na robo.

Fundi wa kompyuta ana chumba nyuma ya duka la daftari. Nilimkuta amelaza shavu juu ya kibodi, kijiti cha meno mdomoni.

"Mtoto anaota meno," akasema bila kuinuka. "Kwetu hakuna anayelala. Nini?"

Nikasimama.

"Mdogo wangu, ukinyamaza mimi nasinzia."

"Nimefuta," nikasema. "Nimefuta vitu vya watu."

Akanitazama vizuri, akachukua begi lake. Njiani nilimweleza yote, na sidhani kama kabla ya siku ile nilishawahi kuongea na mtu asiye wa kwetu kwa urefu huo. Alipofika aliketi kwenye kiti changu, akatazama.

"Nyumbani wanakuitaje?"

"Mimi?"

"Namuuliza nani, feni?"

"Kitinda."

"Na hapa?"

"Kimya."

"Wasichana wangapi hao?"

"Mmoja."

"Haya. Tukiacha kukuita Kimya, umekufa?"

"Hapana."

"Umepungua hata kilo?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi ndicho ulichofanya ulipofuta Tarehe. Mhariri hakuweka nakala mbili, alikuwa mvivu mwenye akili yule. Mkanda ni mmoja, akaupa majina mawili. Hakuna jina lililo halisi na lingine kivuli, yote yana haki sawa. Ukifuta moja, mashine inahesabu: bado lipo jingine? Lipo. Basi haigusi kitu, na nafasi hairudi. Ikiona jina la mwisho limetoka ndipo inasema, hiki hakina mwenyewe, chumba kipangishwe."

"Na hivi vya mshale? Vilicheza."

"Mshale si jina. Ni kikaratasi kimebandikwa mlangoni: 'Kimya yuko kwa shangazi yake, chumba cha nne.' Hivi vilikuwa vinaelekeza kwenye Majina. Ulipofuta Tarehe havikuhusika, vikacheza. Ulipofuta Majina umemtoa mtu chumba cha nne. Kikaratasi kitajuaje? Kinaendelea kuelekeza, na wewe unaendelea kugonga mpaka vidole vinauma."

Akasugua macho. "Ningekuambia kuna njia ya kufukua, lakini umeshamwaga kadi za huyu bwana juu yake. Pole, mdogo wangu."

Niliketi kwenye benchi la wateja. Benchi lilikuwa bado na joto la Lenzi, au nilidhani hivyo. Nilifungua daftari ili nimwandikie Mzee maneno nitakayomwambia, maana bila kuyaandika nisingeyasema. Ukurasa ulikuwa umejaa hesabu zangu za asubuhi. Nne. Tisini na sita. Nne. Sabini na tisa. Nikazitazama kwa muda mrefu, si kwa kufikiri, macho tu hayakuwa na pa kwenda. Kisha nikajumlisha. Nikatoa. Nikarudia kwa vidole.

"Fundi."

"Mmh."

"Nne na tisini na sita si mia?"

"Ni mia."

"Imerudi sabini na tisa."

Kijiti cha meno kikasimama. "Kabla ya kumimina kadi?"

"Kabla. Nimeandika."

"Lete."

Nikampa. Akaweka kidole chini ya mstari.

"Ishirini na moja hazijarudi," nikasema. Sauti yangu ilikuwa kubwa, nikaipunguza. "Kuna vitu... bado vina jina mahali."

Fundi akaniuliza kama Mhariri alikuwa na akaunti yake kwenye mashine hii. Alikuwa nayo, yenye nywila aliyoondoka nayo. Fundi akafungua kidirisha cheusi, akaandika nywila yake ya ufundi, akaingia kwa Mhariri kama anayeingia chumba cha mpangaji aliyehama. Kulikuwa na folda moja tu. Inaitwa Viporo.

Ndani yake, mikanda miwili. Wa Mzee, giga kumi na tatu, na mwingine wa giga nane.

"Umeona?" Fundi akaanza kucheka taratibu, mabega tu yakitikisika. "Kazi akiianza anaipa jina la tatu humu, ili asiisahau. Akiimaliza, analitoa. Zile kumi na mbili mlizimaliza, mkazikabidhi, zimekwenda. Zimebaki mlizolaza." Akageuka. "Ya huyo mzee mmeilaza kwa muda gani?"

"Wiki kumi na moja kwangu. Kwa Mhariri sijui."

"Mngekuwa wachapakazi, leo hana kitu."

Bosi alirudi saa tisa, akafikia kwenye benchi na kuvua viatu. Nikamwambia. Nilitaka Fundi aseme, lakini alikuwa amelala tena, kichwa ukutani. Nikamwambia mwenyewe, toka Tarehe hadi Viporo, nikamwonyesha daftari. Nikamwambia pia kwamba zile nakala mbili mbili hazikuwa mbili. Hapo alinyanyua macho.

"Kwa hiyo nilikuambia ufute kitu ambacho kisingerudisha nafasi yoyote."

"Ndiyo, Bosi."

"Na wewe ukaona unipite kwa akili."

"Ndiyo, Bosi."

Akasugua kisigino. Nilikuwa nimeshahesabu vitu vyangu vilivyo pale: kanga, sahani, kandambili. Vinaingia kwenye mfuko mmoja.

"Hao kumi na wawili walipewa zao," akasema hatimaye. "Ila wakija kutaka nyingine hatuna. Sitawaambia mimi. Utawapigia wewe, mmoja mmoja, uwaambie watunze waliyo nayo."

"Kwa simu?"

"Unataka kwa ngoma?"

Ningeona afadhali nipige deki mtaa mzima. Nikasema sawa.

Saa kumi kamili Mzee akawa mlangoni, na safari hii alikuwa na binti yake, msichana wa umri wangu hivi, anavuta mkono wa baba yake kama mtoto. Niliwawekea viti. Nikabonyeza. Mama akatoka kwenye kundi na trei yake. "Wewe mwanangu, tangu asubuhi umebeba hilo lidude. Umekula?"

"Rudisha," binti akasema. Nikarudisha. Mara sita. Mara ya saba Mzee akasema, "Mwache dada wa watu apumzike," lakini mwenyewe akaninyooshea kidole nirudie. Waliondoka na flashi mbili. Mzee alishukuru mara moja tu, akauliza saa ya ukutani kwetu inachelewa tangu lini.

Walipokwenda nikamwamsha Fundi nikamwomba anifundishe namna ya kuupa mkanda wa Mzee jina jingine. Akanitajia herufi moja moja, nami nikaandika kwa kidole kimoja. Tuliuweka kwenye Majina. Akaniuliza jina gani, nikaandika Umekula. Pembeni yake kulikuwa na tarakimu ndogo, akasema hiyo ndiyo hesabu ya majina. Ilisoma mbili.

Kisha nikaingia Viporo nikalitoa lile la zamani, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha. Nilibonyeza huku nimefumba jicho moja. Tarakimu ikasoma moja. Nikafungua mkanda. Ulicheza.

Nikachukua daftari na simu, nikaanza na familia ya kwanza.