Maji Dirishani kwa Shemeji

Fundi mawe alikuwa amechoka kabla hata hajanyanyua jiwe la kwanza. Wiki nzima alikuwa kwenye kuta za watu, na siku yake ya kupumzika imemkuta nyumbani kwa dada yake, anachimba nje ya dirisha la chumba cha shemeji. Shemeji, dereva wa malori enzi zake, alikuwa amepooza upande mmoja. Tangu hapo dunia yake ilikuwa dirisha lile na ukuta wa jirani.

"Mjengee maporomoko madogo, mdogo wangu," dada mtu, muuguzi, alikuwa amemwomba. "Apate cha kutazama zaidi ya ukuta."

Ahadi ni deni. Fundi akachimba bwawa, udongo akaulundika uwe kilima, akatandika nailoni nzito, akapanga mawe juu yake kwa kamba na pimamaji, kama alivyozoea kazini. Dada akaja kutazama, mikono kiunoni.

"Hii ni ngazi," akasema. "Tunamngoja nani ashuke?"

Fundi alitaka kukasirika, lakini hata hasira inataka nguvu. Dada akaenda zake kazini, yeye akabomoa. Safari hii kamba aliitupa pembeni. Jiwe kubwa akalizika nusu, kana kwamba lilizaliwa pale. Jingine akaliinamisha. Mianya akaijaza kokoto, maji akayaachia yajipindie yatakavyo. Akawasha pampu. Yakashuka, yakagonga jiwe, yakagawanyika vizuri tu. Akaingia ndani kula.

Alipotoka, bwawa lilikuwa tupu na pampu inakoroma. Kingo za nailoni hakuziinua vya kutosha. Maji yalikuwa yakipita nyuma ya mawe na kuzama ardhini. Fundi akazima pampu, akakalia ndoo iliyopinduliwa. Mgongo ulikuwa unawaka moto. Kusimama kukamshinda.

Dada alimkuta hivyo aliporudi kutoka zamu, bado na sare yake. Alivua viatu, akaanza kuondoa mawe.

"Dada, acha. Umeshinda umesimama."

"Na wewe umeshinda umelala? Shika huko."

Wakainua kingo, wakazishindilia udongo, wakarudisha mawe. Wakajaza bwawa upya, pampu ikawashwa, nao wakabaki wameukodolea macho ukingo. Maji hayakupungua.

Ndani shemeji akaita kwa ulimi wake mzito: "Bomba! Nani kaacha bomba wazi?"

Dada akacheka mpaka akakaa kwenye tope. Kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa kiwiko, akacheka tena.

"Si bomba, baba watoto," akajibu. "Ni maporomoko yako."

Wakaingia na matope yao, wakakisogeza kitanda mpaka dirishani, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Shemeji akatazama kwa muda mrefu. Upande mmoja wa mdomo ukapanda.

"Lile la juu," akasema pole pole, "limekaa upande."

"Na likae, shemeji," fundi akamjibu, ameegemea ukuta. "Hata mimi nimekaa upande."

Shemeji akakoroma kidogo. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kucheka siku hizi. Wakageuka kumsikia dada atasemaje. Alikuwa amelala pale pale miguuni pa kitanda, nyayo zimejaa udongo, kinywa wazi. Hakuna aliyethubutu kumwamsha.