Monita Isiyo na Njano

Mimi ni mtu wa kuchagua, na sioni haya kusema hivyo. Monita yangu ya zamani ilikuwa imegeuka njano kama gazeti lililosahauliwa juani, na wateja wangu pale studio ya Karatina walikuwa wamechoka nami. Bibi harusi alikuwa akitoka kwenye mashine ya kuchapa na uso wa buluu kama aliyekufa kwa baridi, kwa sababu nilikaa nikiondoa njano ambayo haikuwa kwenye picha. Wateja wawili walishahamia kwa jirani. Nikaona yatosha, nikakusanya nilichokuwa nacho nikaenda Nyeri kutafuta monita ya mtumba, ya bei ya chini lakini yenye rangi za kweli.

Nilibeba picha moja tu kwenye flashi: mama yangu, Phyllis, nje ya kanisa siku ya Pasaka, kitambaa cheupe kichwani. Ilikuwa ile ambayo haijaguswa, kama ilivyotoka kwenye kamera. Nakala iliyosafishwa nilikuwa nimeshamchapia na kumtilia fremu. Niliichagua kwa sababu uso ule naujua kuliko uso wowote duniani, na mtu wa kazi yangu huanza na macho. Macho yakikaa sawa, mengine yanafuata.

Tena siku hizo nilikuwa na mama akilini kutwa. Alikuwa amekonda, chakula hakimpiti kooni, anajikuna mikono mpaka inachubuka. Kila nilipomwuliza alisema ni asidi ya tumbo, itaisha. Niliogopa kumpoteza, lakini nilikuwa nikifika kwake baada ya kufunga studio, giza limeingia, na ile taa yake ya sola haitoshi hata kusomea Biblia.

Duka lilikuwa la mama mmoja wa Meru aitwaye Karwitha, anayeuza kompyuta zilizotumika kwenye maofisi ya ng'ambo. Ya kwanza aliyoniwashia ilikuwa na giza pembeni. Ya pili, ukisogea kidogo tu, rangi zinakimbia. Hizo nilizikataa kwa haki, na yeye mwenyewe hakubisha.

"Sasa hii," akasema, akiinua ya tatu. "Hii hata ukienda kusimama kwa mlango, rangi haibadiliki. Na haina doti imekufa."

Nikafungua picha ya mama. Nikaangalia macho.

"Hii iko na njano."

"Njano wapi?"

"Angalia macho. Hii monita imechoka kama yangu."

Akaleta nyingine. Nikafungua picha, nikaangalia macho, nikatikisa kichwa. Akaleta nyingine tena, mpya kabisa, ambayo hata nisingeweza kuinunua, nayo nikaikataa. Nilianza kuhisi kwamba Karwitha ananiona mshamba, na nikamwambia kwa ukali kwamba nimefanya kazi hii miaka mingi, sidanganywi na mtu kuhusu rangi.

"Kijana, unatafuta monita ama unatafuta bibi?" akasema. "Ngoja."

Akachomeka simu yake kwenye kompyuta, akafungua picha ya mtoto wake wa kike akiwa na sare ya shule, akaiweka kando ya ile ya mama yangu kwenye kioo kilekile cha monita. Macho ya yule mtoto yalikuwa meupe kama maziwa. Kitambaa cha mama nacho kilikuwa cheupe, hakina hata tone la njano.

Karwitha hakucheka. Aliangalia picha, kisha akaniangalia mimi.

"Huyu ni nani yako?"

"Ni mama yangu."

"Na anaendelea aje?"

"Yuko sawa," nikamjibu, na sauti yangu ikatoka mbaya. Nilimchukia kwa kuniuliza. Nilitamani monita zote zile ziwe mbovu, hata nikose ya kununua, nirudi nyumbani na kioo changu kibovu. Lakini zilikuwa nzima. Nikatoka bila kununua kitu, na flashi nikaiacha palepale.

Nilifika nyumbani kwa mama jua bado lipo. Mama alikuwa uani akipepeta maharagwe, kitambaa amekishusha mpaka kwenye nyusi. Alishangaa kuniona mapema hivyo. Nilimshika kidevu kama mtoto, nikamgeuza kuelekea kwenye mwanga. Njano ilikuwa imekolea machoni, hata kwenye ngozi ya shingo.

"Mami, twende hospitali."

Hakubishana. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba hakubishana.

Walimlaza. Baada ya vipimo daktari aliniita pembeni akaniambia kuna uvimbe ulioziba njia ya nyongo, na sasa umefika kwenye ini. Angekuja mapema, wangejaribu kuutoa. Sasa watampunguzia maumivu. Nilitaka kumpigia dada yangu Shiro, anayeuza nguo kule Kenol, lakini mama alikataa, akasema tusimtie hofu bure, yeye atapona.

Jioni hiyo aliamka akanikuta nikilia kando ya kitanda. Akaniambia ninyamaze, watu wa vitanda vingine wanaangalia.

"Mami, kwani hukuwa unaona kwa kioo?"

"Nilikuwa naona. Kabla ya Pasaka nilikuwa naona." Akavuta blanketi. "Nilikuwa nimeamua nikwambie unipeleke. Halafu ukaniletea ile picha, na macho yangu yalikuwa mazuri, meupe kabisa. Nikasema, kamera ya mwanangu Kingori ni ya bei, haiwezi kudanganya. Ni kioo changu kimezeeka."

Nilikosa pa kuficha uso. Macho yale niliyasafisha mimi, kwa mkono wangu, nikiilaumu monita, na nilijivunia kazi ile.

"Ni mimi niliyatengeneza, Mami. Hayakuwa hivyo."

Muuguzi alipita na toroli la dawa, akampa vidonge, akaenda zake. Kisha mama akavua kitambaa kichwani, jambo ambalo hafanyi mbele za watu.

"Nipige nyingine," akasema. "Hapa hapa, na simu. Na usiguse kitu."

Nilimpiga picha. Nikampa simu, naye akaisogeza karibu, akaiangalia polepole, paji la uso, macho, shingo.

"Hii hujaigusa?"

"Sijaigusa."

Akanirudishia simu.

"Basi mpigie Shiro," akasema. "Mwambie aje."