Vijiti vya Mjomba

Kompyuta ilizimika tena nikiwa nachora choo. Nasema choo kwa sababu ndicho kilichokuwa kimebaki. Wodi ya wazazi ilikwisha, korido ilikwisha, madirisha yote yalikwisha, nikawa naweka mlango wa choo cha wauguzi, mara skrini ikageuka buluu tupu na yale maandishi yake meupe ya kuomba radhi. Radhi zake nimezihifadhi zote. Sikupiga kelele. Nilikaa tu, mkono juu ya kipanya, nimechoka mpaka kope.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Zamani nilichorea ofisini, ila mama alipopata kiharusi nilimwomba bosi nifanyie kazi nyumbani, naye akakubali shingo upande. Siku hizi ofisi yangu ni sebule: kitanda cha mama kiko ukutani, meza yangu iko dirishani. Bosi alikwisha kunionya kwa simu kwamba ramani za zahanati zisipofika Ijumaa, nirudi ofisini. Na nikirudi ofisini, mama ataenda kwa kaka yangu kule ghorofani, ambako mtu na mkewe hushinda kazini na mlango hufungwa kwa nje. Kaka hakunificha. Alisema watamwachia chai kwenye chupa. Mtu ambaye mkono wa kulia haunyanyuki, hiyo chai atamiminiwa na nani, hakusema.

Kompyuta yenyewe haikutoka dukani. Aliiunda shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bisibisi, na ukoo ulichangia vipande. Boksi lilitoka kwa baba mdogo, skrini ikatoka kwa binamu aliyekuwa anafunga ofisi yake. RAM, yaani vile vijiti viwili vinavyoishika kazi wakati unaifanya, alivileta mjomba, kaka yake mama. Alivichomeka kwa mkono wake mwenyewe huku akituhutubia kana kwamba anafungua daraja.

Ilipoanza kuzimika, Bisibisi alibadilisha pawa saplai. Ikazimika. Akabadilisha feni, akabadilisha diski, akapakia programu zote upya, akahamishia waya kwenye soketi ya chumbani. Ikazimika huko huko chumbani. Kila kitu kiliguswa isipokuwa vijiti vya mjomba, na si kwamba hatukujua. Fundi mwenye akili zake huanza na RAM, na Bisibisi akili anazo. Tulijua, tukajifanya hatujui.

Maana mjomba huyo umjue kwanza. Ni fundi televisheni mstaafu, na ana moyo wa karatasi. Miaka ile aliwahi kututengenezea pasi, pasi ikaunguza shati la baba, baba akatania kwamba shemeji yake hanyooshi nguo, anazichoma mishikaki. Utani tu, na mashemeji wasipotaniana watataniana na nani? Mjomba aliondoka, na hakukanyaga kwetu miaka na miaka. Hata msiba wa baba alikaa nje, kwenye viti vya majirani. Kiharusi cha mama ndicho kilichomrudisha. Sasa kila alasiri anakuja, anavuta kiti kitandani, anaanza visa vya utoto wao, na mama anacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo unaomtii. Mimi mwanawe nimeshindwa kumchekesha. Halafu kabla hajaondoka, mjomba hufungua ubavu wa boksi, anapuliza vumbi, anavitazama vijiti vyake, anafunga.

Basi baada ya kile choo, Bisibisi alikuja akasema yeye kucheza foliti na mashine hii amechoka. Akachomoa kijiti kimoja, akaendesha programu ya kupima RAM kwa kile kilichobaki. Safi, hakuna kosa. Akavibadilisha. Dakika si nyingi mistari myekundu ikaanza kushuka kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikajaa. Aliniinamia akaninong'oneza kwamba mchawi ndiye huyu, nifanye kazi na kile kizima peke yake, itakuwa nzito lakini haitakufa. Nikamnong'oneza, na mjomba je? Akakuna kichwa.

Tukapata akili, na ilikuwa akili ya ajabu, lakini mtu aliyechoka hachagui. Asubuhi nichomoe kile kibovu nifanye kazi. Alasiri, kabla mjomba hajafika, nizime mashine na kukirudisha mahali pake, akikague, aridhike. Akishaondoka nikitoe tena. Tuliyapanga yote hayo kwa kunong'ona, hatua chache tu kutoka kitandani, tukasahau kwamba kiharusi kilimpooza mama mkono na mguu. Masikio hakikuyagusa.

Alhamisi nilichora tangu asubuhi bila kuzimikiwa hata mara moja. Alasiri nikazima, nikarudisha kijiti. Mjomba akaja, akasimulia, akafungua boksi, akapuliza, akaridhika. Nikadhani ataaga. Wapi. Akasema leo anataka kuona hiyo zahanati, niwashe, na mama naye aone. Nilitoa visingizio vyote nilivyokuwa navyo: umeme ni mdogo, macho yananiuma, ramani haijapendeza. Akasema washa, mwanangu. Nikawasha. Ramani ilifunguka nusu, skrini ikawa buluu, na nilipowasha tena faili halikufunguka kabisa. Nakala niliyobakiwa nayo ilikuwa ya jana yake; kazi ya kutwa nzima ilikuwa imekwenda na maji.

Mjomba alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alisema tatizo la mashine hii analijua, tatizo ni Bisibisi, mashine imeundwa na mtu aliyejifunzia kazi vichochoroni, na kesho ataniletea fundi wa kweli. Nami, Mungu anisamehe, nikaitikia. Nilisema ndiyo mjomba, huenda ni Bisibisi.

"Kaka," mama aliita.

Maneno yake siku hizi hutoka kwa taabu, moja moja, ukimkatiza anaanza upya. Tukamgeukia.

"Kijiti chako ni kibovu."

Mjomba alicheka kidogo, akauliza nani kamwambia.

"Wanakitoa asubuhi. Ukija wanakirudisha. Wanakuogopa."

Mjomba alinitazama. Uso wangu nadhani ulisema yote. Akainama akafungua boksi, akachomoa vijiti vyote viwili, kibovu na kizima, akavitia mfukoni mwa shati. Alimfunika mama miguu vizuri kwa shuka, akatoka. Hakuaga.

Nilimkasirikia mama, sitaki kudanganya. Nilimuuliza kwa nini asingesubiri hata siku moja, Ijumaa ipite. Alifumba macho. Nikampigia Bisibisi, akaja na vijiti alivyovichomoa kwenye kompyuta yake mwenyewe, akavipima, akanichomekea, akaondoka bila kuuliza mjomba alisema nini juu yake. Nilirudia kazi ya kutwa nzima. Ijumaa kabla ya adhuhuri nikatuma zahanati, choo na mlango wake. Bosi akajibu kwamba amepata, na ya shule inafuata, niifanyie huko huko nyumbani.

Mjomba hakuja siku hiyo, wala wiki iliyofuata. Nilikwenda kwake. Mkewe akaniambia mlangoni kwamba amelala, na huku namsikia anakohoa sebuleni. Nikarudi nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia mama nitakwenda tena, nitamwambia kijiti hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa la Bisibisi, na Bisibisi mwenyewe amekubali kulibeba. Akirudi kutusimulia visa vyake, itatudhuru nini?

"Usiende," mama alisema. Alipumzika, akaanza tena. "Kaka yangu hununa miaka. Mimi miaka sina. Nilijua."

Nikamuuliza, basi kama alijua, mbona alisema?

"Visa vyake ninavyo vyote. Wewe je, wakinitoa hapa, nitakupata wapi?" Akanisukuma paja kwa mkono wake mzima. "Fanya kazi."

Nikarudi mezani. Mashine ilikuwa inavuma taratibu, na ramani ya shule imetulia kwenye skrini. Saa za mjomba zilipofika, mama aligeuza uso ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Niliendelea kuchora, kwa sababu ndicho alichokinunua, na mashine haikuzimika hata mara moja.