Shuka Kidogo

Mtaani walimwita Injinia tangu siku alipotengeneza pasi ya jirani, nayo ikakubali kuwaka. Kwamba pasi hiyo ilichoma suruali ya mwenyewe wiki ileile, hilo halikuwa jambo la kumvua mtu cheo. Kazi yake hasa ilikuwa kusoma mita za maji, lakini kilichomfanya atembee kifua mbele ni gari aliloachiwa na marehemu baba yake.

Lilikuwa gari dogo la zamani aina ya saluni, bodi safi, viti vimeng'aa, na injini iliyoanza kukohoa kila ilipouona mlima. Mlima wenyewe ulikuwa mmoja tu na, kwa bahati iliyoje, juu yake ndiko alikokaa mama mkwe. Basi kila safari, wakifika chini pale kwenye gereji, Injinia alipunguza mwendo, akamgeukia mkewe na kumwambia kwa upole wote wa dunia, "Mama watoto, shuka kidogo."

Mkewe alishuka. Hicho kidogo kilikuwa mlima mzima. Bwana alitangulia na gari, akaegesha kileleni kivulini, akamngoja huku akifuta vioo. Mke alipanda kwa miguu na vyombo vya mama yake mkononi, akipita kibaraza cha fundi cherehani ambaye hakukosa kumsalimia: "Pole, mama. Leo tena?"

Na mwanamke huyu, usicheke, alikuwa dereva wa basi la shule. Kila siku aliwapandisha watoto wa watu mlima huohuo, wala hakuwahi kumshusha hata mmoja ati apunguze uzito. Lakini aguse usukani wa saluni? Thubutu! "Hili gari lina tabia zake," Injinia alizoea kusema. "Linanijua mimi tu."

Mwaka huo mama mkwe aliugua, akalazwa, akapona, akarudishwa nyumbani. Ndugu wote wakapanga kwenda kumwona Jumamosi moja. Mke alimwita mumewe mezani, akazungumza bila kupandisha sauti, na hapo ndipo Injinia alipoogopa, maana mkewe akifoka huwa yamekwisha.

"Mume wangu, sitafika mbele ya ndugu zangu natweta na jasho linanitiririka. Ukiniambia tena nishuke, nitapanda kwa miguu yangu na nitabaki hukohuko kwa mama. Utarudi na gari lako."

Mtu mwingine angekodi teksi. Injinia, kwa kuwa ni Injinia, aliamua kubadilisha injini.

Fundi wa gereji aliitwa Kidogo. Si kwa umbo, maana alikuwa akijaza mlango; ni kwa sababu hakuwa na kipimo kingine. Alikuwa na injini iliyotolewa kwenye lori, ndefu kama kabati, imelazwa juu ya matairi.

"Itaingia?" Injinia aliuliza.

"Itaingia. Tutakata kidogo."

Wakakata kidogo. Ikagoma. Wakautoboa ukuta unaotenga injini na abiria, kidogo tu, wakaisukuma nyuma. Giaboksi ikaingia ndani na kukaa palepale abiria wa mbele anapokaa, kwa hiyo kiti chake kikang'olewa, kwa muda. Bomba la moshi nalo likadai njia, likapewa sehemu ya tangi la mafuta. Tangi likahamia ndani, mahali pa kiti cha nyuma, ambacho nacho, basi tu, kikapumzishwa kidogo. Kila kipande kilipochomelewa, Injinia alishika tochi na kusema, "Hapo sawa kabisa." Viti vikawekwa nyuma ya gereji, fundi akawa anavikalia akila chakula cha mchana.

Jumamosi injini ikawaka. Loo! Mabati ya gereji yalitetemeka, na Injinia machozi yakamlengalenga. Aliupanda mlima peke yake kwa majaribio, gari halikukohoa hata mara moja, akarudi chini kichwa kimemvimba. Alikuwa anapangusa boneti mkewe alipotokea: gauni jipya, viatu vya kisigino, sufuria ya supu imefunikwa kwa kitambaa. Tena alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo lililokuja kumuuma Injinia kuliko yote.

"Nimeisikia toka kule barabarani," mke alisema. "Kweli leo nitapanda nimekaa?"

"Kupanda tu? Mama watoto, hii ingepandisha hata nyumba!" Akamfungulia mlango kwa madaha.

Wote wawili wakachungulia. Pa kukaa palikuwa na nundu ya chuma, bado inafuka. Nyuma, tangi lilikuwa limefungwa mikanda, limetulia kuliko abiria yeyote. Fundi Kidogo akainama kutafuta spana ambayo haikupotea.

"Nakaa wapi?"

"Kwa leo," Injinia alianza, "tungeweka mto hapo juu ya giaboksi..."

Mke aliigusa nundu kwa ncha ya kidole, akakirudisha upesi. Tabasamu likamtoka. Injinia aliiona nyumba tupu, yeye na gari lake wakitazamana kila jioni. Kwa kuhangaika akajitupa kwenye kiti cha dereva, akakisogeza mbele, akakisogeza nyuma, kana kwamba nafasi ingezaliwa humo.

"Nilikuwa nakufanyia wewe, mke wangu. Haki ya Mungu."

"Najua. Ukanisahau mimi tu."

Mke akazunguka gari taratibu, akafungua mlango wa dereva. "Baba watoto," alisema kwa upole wote wa dunia, "shuka kidogo."

"Hili gari lina tabia..."

"Nitazizoea. Za kwako nilizizoea. Shika supu, usiimwage."

Akavua viatu, akavitupa karibu na tangi, akaondoka. Gari likaunguruma likapotea konani bila kuguna.

Injinia alipanda. Kumbe mlima ule, ambao hakuwahi kuukanyaga kwa miguu, ukidhani umekwisha unaanza upya! Supu ilimwagikia shati, jua likamkaa utosini. Fundi cherehani aliinua kichwa kwenye cherehani yake, akamtazama, akaitazama na sufuria.

"Pole, mzee. Leo wewe?"

Injinia aliona aibu, aibu ya miaka yote ile kwa mkupuo mmoja.

Kileleni alilikuta gari kivulini. Mkewe, mkavu, viatu mguuni, alikuwa anafuta vioo. Mama mkwe alikuwa ametolewa kiti nje, ndugu wamemzunguka.

"Shikamoo, mama," Injinia alisema akihema.

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona hivyo? Gari limeharibika?"

"Gari zima, mama. Niliambiwa nishuke kidogo."

Akampa mkewe sufuria, akamnong'oneza, "Nisamehe. Na jioni je? Utarudi nyumbani?"

"Narudi," mke alisema, akitia ufunguo kwenye mkoba. "Wewe utanikuta. Ni mteremko, hata hutachoka."