Zamu ya Alhamisi

Mzee Fransisko aliteleza siku ya Jumamosi akishuka na mzigo wa kuni, mguu ukavimba mpaka suruali ikabidi ichanwe. Daktari wa zahanati akamwambia akae ndani wiki nne. Yeye akasema siku nne zinamtosha.

Shida ilikuwa njegere zake. Ndio kwanza zilikuwa zimeanza kutoa maua, na huku kwetu Mgeta mwezi wa sita mvua hakuna, kila mtu anategemea mfereji. Maji yanatoka juu kwenye chanzo, yanapita mashambani kwa zamu. Zamu ya mzee Fransisko ni Alhamisi asubuhi, yetu ni Jumatano. Zamu ikikupita, unasubiri wiki nyingine. Njegere zikikosa maji wiki mbili wakati wa maua, maua yote yanadondoka, huvuni kitu. Na yeye shamba lake lilikuwa hilohilo moja.

Jumapili baada ya misa jumuiya yetu ilienda kumwona. Tulikuwa watu saba, mimi wa mwisho, nimebeba chupa ya chai. Hakutukaribisha ndani.

"Mmekuja kuimba?" akauliza.

"Tumekuja kukupa pole, mzee," mama akasema.

"Pole nimeshajipa mwenyewe. Nyimbo mtaniimbia nikifa, sitawakatalia."

Watu wakacheka kidogo, wakaacha. Mama akasema, "Na zamu yako ya Alhamisi je? Tukufungulie maji?"

"Judith, shamba langu asiguse mtu. Alhamisi nitakuwa nimesimama."

Chai aliipokea, akafunga mlango.

Alhamisi hakusimama. Mama akachukua jembe akatoka bila kusema anaenda wapi. Nilikuwa likizo, nikamfuata. Mahali pa kufungulia maji ya mzee pako juu kidogo ya nyumba yake, na sisi tunafungulia hapohapo, kwa sababu mashamba yetu yamepakana upande wa pili wa kilima. Mama akatoa mawe, akaziba mfereji kwa udongo na manyasi, maji yakakata kona yakaenda kwenye njegere. Saa sita akarudisha kila kitu kilivyokuwa.

"Si alikataa?" nikamuuliza.

"Alikataa."

"Sasa?"

"Sasa njegere zimekunywa. Beba jembe."

Sheria mama alikuwa anaijua. Humfungulii mtu maji kama hajakutuma kwa mdomo wake. Iliwekwa zamani, kwa sababu watu walikuwa wanakutwa na jembe kwenye zamu ya mwenzao, wanasema namsaidia jirani, kumbe maji yanaenda kwao. Ukikamatwa, unakosa zamu zako mbili.

Kitu ambacho mama hakukijua ni kwamba mzee Fransisko alikuwa anasikiliza. Mfereji unapita nyuma ya ukuta wa chumba chake, na maji yakipita yanapiga kelele kwenye mawe. Siku ile, kwenye saa moja asubuhi, kelele ikakatika. Saa sita ikarudi. Mzee akahesabu kuwa maji ya zamu yake yameibwa. Hakujua kwamba shamba lake likinywa, nyuma ya nyumba huwa kimya. Angejuaje? Miaka yote Alhamisi asubuhi yeye alikuwa shambani na jembe, hajawahi kulala nyumbani kwenye zamu yake.

Akamwita Mwinjuma, msimamizi wa mfereji. Alhamisi ya pili, karibu saa sita, Mwinjuma akamkuta mama amesimama na jembe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe.

"Mama Faraja, leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Zamu ya nani?"

"Ya mzee Fransisko."

"Amekutuma?"

Angeweza kusema ndiyo. Akasema, "Hajanituma. Lakini maji yanaenda kwake."

"Wote huwa mnasema hivyo," Mwinjuma akasema, na alionekana kusikitika. "Fungeni."

Kikao kilifanyika Jumamosi uani kwa mzee Fransisko, kwa sababu yeye hakuweza kutembea. Alikaa mlangoni, mguu ameuweka juu ya ndoo.

"Nimekaa na huyu mtu miaka ishirini," akasema. "Nimevunjika mguu, anakuja kunilisha chai, kumbe anapima kama nitaamka Alhamisi!"

"Maji yalienda kwenye njegere zako," mama akasema. "Twendeni tukaangalie."

Mwinjuma akamwambia tayari alishaenda. Udongo wa mzee ulikuwa umekauka juu kwa jua, wetu pia ulikuwa umekauka juu, ingawa sisi tulimwagilia Jumatano. Haikumwonyesha lolote. "Mtu mwingine aliyeona?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimeona, Alhamisi zote mbili. Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu wa jumuiya. Wao walikuwa wanaangalia chini, na mimi nikaangalia chini. Mbele za watu sauti yangu huwa haitoki, hata shuleni mwalimu ameshazoea. Mwinjuma akasubiri kidogo, kisha akasema zamu mbili za Judith zimekatwa, na akikamatwa tena atafutwa kwenye zamu mpaka mvua zianze. Kikao kikaisha.

Nyumbani mama akawasha moto. Karoti zetu zilikuwa na wiki tano, ndio wakati wa kutaka maji.

"Ungesema ukweli tangu mwanzo, ungemwambia mzee kwamba unafungua," nikamwambia.

"Angekataa."

"Kwa hiyo unamsaidia mtu anayekuita mwizi."

"Wakati naanza alikuwa hajaniita mwizi."

"Na sasa?"

"Sasa siwezi kwenda tena, nitafutwa. Namwombea. Kamenye viazi."

Aliomba kweli, nilimsikia, alimtaja mzee Fransisko kabla ya kututaja sisi.

Jumatano zamu yetu ikapita, maji yakaenda kwa wengine. Jioni yake nilienda kwenye njegere za mzee. Maua yalikuwa bado yameshika, meupe, ila majani ya chini yalikuwa yameanza kulegea. Nikakata tawi moja. Nikashuka mpaka mlangoni kwa mzee Fransisko, nikasimama muda mrefu, mpaka yeye mwenyewe akaniona.

"Nani huyo amesimama kama kigingi?"

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mama yako amekutuma?"

"Hapana."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka unitume."

"Nikutume wapi?"

"Kesho. Nikafungue maji."

Akacheka vibaya. "Maji ya kumwagilia nini? Wiki mbili hazijapata tone, mwizi amekunywa yote. Zimeshakufa hizo. Nenda nyumbani."

Nikampa tawi. Nilitaka kumwambia kila kitu, nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, lakini kilichotoka ni, "Ni la shambani kwako. Mama alikuwa anafungulia kwako."

Sijui kama alinisikia, nilisema chini chini. Alikuwa ameshaligeuza tawi mkononi, anahesabu maua. Akafungua ua moja kwa kucha.

"Unaona?" akasema. "Hii ni kazi ya mbegu. Mimi mbegu zangu nachagua mwenyewe, punje moja moja. Na umande wa mwaka huu ni mzuri." Akaweka tawi pembeni. "Saa moja kamili uwe pale. Usikanyage matuta."

"Ndiyo babu."

"Na mwambie Mwinjuma nimekutuma mimi. Siyo mama yako. Mimi."

Nilienda kwa Mwinjuma kabla usiku haujaingia, nikamwambia, na sauti ilitoka. Nikafungua Alhamisi hiyo na Alhamisi mbili zilizofuata. Siku ya tatu mzee mwenyewe alifika na fimbo, akasimama anaangalia jinsi nilivyoziba, akabomoa, akaziba upya.

Njegere zilizaa. Magunia sita yalishuka mpaka kwenye fuso, na wabebaji walisema ni nzito kuliko za mwaka jana. Karoti zetu, zile zilizobaki, zilikuwa nyembamba kama vidole vyangu, tukazila wenyewe.

Siku ya kupakia, mzee Fransisko alipita karibu na shamba letu akasimama. Mama alikuwa anang'oa mabaki.

"Judith, karoti vipi?"

"Zimeshindwa, mzee."

"Mbegu hiyo. Nilishakwambia uwe unachagua mbegu."

Mama akajinyoosha, akafuta udongo mikononi. Nikamwangalia, nikafikiri sasa atasema.

"Mwakani nitachagua," akasema. "Mguu unaendeleaje?"